Nywila ndani ya kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jinsi mifumo endeshi inavyozitunza na kuzitambua

Maswali haya ni ya aina inayoulizwa na watumiaji wa kompyuta wa Dar es Salaam: wahasibu wa ofisi za Posta, wanafunzi wanaonunua kompyuta zilizotumika Kariakoo, na wenye stationery za Sinza na Mwenge ambako kompyuta moja hupita mikononi mwa watu wengi kwa siku. Majibu yanahusu nywila ya kuingilia kwenye kompyuta yenyewe. Nywila ya barua pepe na namba ya siri ya pesa za simu ni mambo mengine, kwa sababu hizo hutunzwa kwenye seva za kampuni husika.

Je, kompyuta yangu inaijua nywila yangu?

Haiijui, na jambo hili ndilo msingi wa karibu kila jibu linalofuata. Unapoweka nywila kwa mara ya kwanza, mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta kama Windows, Linux au macOS, huipitisha kwenye hesabu ya upande mmoja inayotoa mfuatano wa herufi na tarakimu unaoitwa heshi, kisha huitunza heshi hiyo na kuiacha nywila yenyewe. Kila unapoandika nywila baadaye, hesabu ileile hufanywa upya na jibu lake hulinganishwa na heshi iliyotunzwa. Yakilingana unaingia, na yakitofautiana hata kwa herufi moja unakataliwa. Hesabu hiyo haiwezi kurudishwa nyuma, kama vile unga usivyoweza kurudi kuwa punje za mahindi. Kwa hiyo fundi anayeahidi kukurudishia nywila yako ya zamani hawezi kuisoma mahali popote ndani ya kompyuta. Anachoweza ni kuweka mpya, au kubahatisha nywila moja baada ya nyingine hadi apate inayotoa heshi ileile.

Heshi na usimbaji fiche, yaani kugeuza data isisomeke bila ufunguo, visichanganywe. Kilichosimbwa kinaweza kusimbuliwa na mwenye ufunguo, lakini heshi haina ufunguo, na hata aliyeunda mfumo hawezi kuifungua.

Kwa nini nywila zisihifadhiwe tu kama zilivyoandikwa, ndani ya faili lililofungwa vizuri?

Kwa sababu mafaili yaliyofungwa hufunguka. Mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT nchini Marekani, uliokuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza kuwapa watumiaji nywila, ulizitunza bila kuzibadilisha. Siku moja katika miaka ya 1960 wasimamizi wawili walikuwa wakihariri mafaili kwa wakati mmoja, mmoja tangazo la siku na mwingine orodha ya nywila. Programu ya kuhariri ilitumia faili la muda lenye jina moja kwa wote wawili, mafaili yakabadilishana nafasi, na kila aliyeingia kwenye mfumo akaoneshwa nywila za watumiaji wote mahali pa tangazo. Hakukuwa na mdukuzi wala nia mbaya. Kasoro ndogo ya programu ilitosha, na kasoro za namna hiyo zipo katika kila mfumo uliowahi kuandikwa.

Kwenye Linux nywila ziko wapi?

Linux ilirithi mpangilio wa Unix, mfumo endeshi wa zamani zaidi, ambamo kila akaunti ina mstari wake katika faili la /etc/passwd. Mstari huo una sehemu saba zilizotenganishwa kwa nukta mbili: jina la akaunti, nafasi ya nywila, namba ya mtumiaji, namba ya kundi, maelezo ya mwenye akaunti, folda yake ya nyumbani, na programu inayoanzishwa akiingia. Faili hili husomwa na kila mtu, kwa kuwa programu nyingi za kawaida hulihitaji ili kujua namba fulani ni ya nani. Zamani heshi zenyewe zilikaa humo, mbele ya macho ya wote, kwa imani kwamba hesabu ya upande mmoja ingezilinda. Mwaka 1988 programu-mnyoo, yaani inayojisambaza yenyewe kati ya kompyuta, iliyoandikwa na Robert Tappan Morris ilionesha udhaifu wa imani hiyo: ilisoma heshi kwenye kompyuta ilizoziingia, ikajaribu majina ya akaunti na maneno ya kamusi, na mengi yakakubali.

Siku hizi kwenye nafasi ya nywila katika /etc/passwd huwa kuna herufi x peke yake, na heshi imehamishiwa kwenye /etc/shadow, faili ambalo watumiaji wa kawaida hawawezi kulisoma. Alama zilizoko katika nafasi ya heshi zina maana ambayo kila msimamizi anapaswa kuifahamu. Alama ya mshangao au nyota maana yake ni kwamba hakuna nywila yoyote itakayokubaliwa, wakati nafasi iliyoachwa wazi kabisa maana yake ni kwamba akaunti haina nywila, na mtu anaweza kuingia bila kuulizwa. Tofauti hiyo ya alama moja imeacha wazi kompyuta nyingi ambazo wenyewe walidhani wamezifunga.

Heshi yenyewe huanza na utambulisho wa hesabu iliyotumika, ukiwa kati ya alama mbili za dola. Ukiona $1$ ujue ni MD5, ya zamani na dhaifu. $2b$ ni bcrypt, iliyobuniwa na Niels Provos na David Mazières na kutangazwa mwaka 1999. $6$ ni hesabu inayotegemea SHA-512. Na $y$ ni yescrypt, ambayo Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilianza kuitumia kama chaguo lake la kawaida katika toleo la 11 la mwaka 2021. Kwa sababu kila heshi hubeba utambulisho wake, mfumo mmoja unaweza kuwa na akaunti za zamani na mpya zinazotumia hesabu tofauti. Jambo hilo lina upande mwingine: kuboresha mfumo hakuboreshi heshi za zamani. Akaunti iliyowekwa nywila miaka mingi iliyopita itaendelea kubeba heshi dhaifu hadi mwenyewe aibadilishe, na ofisi iliyohamisha seva yake kutoka toleo hadi toleo inafaa ilikague faili hilo.

Chumvi ni nini?

Ni herufi za kubahatisha ambazo mfumo huziongeza kwenye nywila kabla ya kufanya hesabu, kisha huziandika wazi pembeni ya heshi. Si siri, wala haikusudiwi kuwa siri. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba watu wawili waliochagua nywila moja wanapata heshi mbili zisizofanana, ili mshambuliaji asiweze kuandaa orodha moja kubwa ya heshi na kuitumia dhidi ya kila mtu. Robert Morris, baba wa yule aliyetajwa juu, na Ken Thompson waliielezea mwaka 1979 walipoeleza ulinzi wa nywila wa Unix. Chumvi yao ilikuwa ya biti 12, yaani iliweza kuwa ya aina 4096 tu. Waliongeza jambo la pili lenye uzito uleule: hesabu ilirudiwa mara 25 kwa makusudi ili iwe nzito. Mtumiaji halali haoni ucheleweshaji huo, lakini anayebahatisha mamilioni ya nywila huulipia kila jaribio. Hesabu ya SHA-512 ya Linux hufanya mizunguko 5000 ikiwa msimamizi hakuagiza vingine.

Windows nayo hufanya vivyo hivyo?

Inafanana kwa wazo na inatofautiana kwa utekelezaji, na katika jambo moja iko nyuma. Akaunti za kompyuta yenyewe hutunzwa katika faili la SAM lililo ndani ya C:\Windows\System32\config. Mfumo hulishikilia faili hilo muda wote unapofanya kazi, hivyo huwezi kulinakili kwa njia ya kawaida, na heshi zilizomo husimbwa tena kwa ufunguo unaotokana na faili jirani la SYSTEM. Lakini aliyeyapata yote mawili, kwa mfano kwa kuitoa diski, ana kila anachohitaji ili kuzipata heshi hizo.

Heshi ya zamani, iliyoitwa LM, iligeuza herufi zote kuwa kubwa, ikachukua herufi 14 tu, kisha ikazikata vipande viwili vya herufi saba na kukokotoa kila kimoja peke yake. Nywila Mikocheni2024 iligeuka MIKOCHE na NI2024, na mshambuliaji alivivunja kimoja kimoja bila kuhangaika na urefu wa nywila nzima. Windows Vista na matoleo yaliyofuata hayaihifadhi tena isipokuwa yakiagizwa. Heshi iliyochukua nafasi yake, iitwayo NT, huandika nywila katika UTF-16, mfumo wa kuwakilisha herufi kwa namba, na kuipitisha mara moja tu kwenye hesabu ya MD4, iliyobuniwa na Ronald Rivest mwaka 1990. Haina chumvi. Ndiyo maana akaunti yoyote ya Windows isiyo na nywila, iwe Mbagala au London, hupata heshi moja: 31d6cfe0d16ae931b73c59d7e0c089c0.

Ni jambo la kusikitisha kwamba mfumo unaotumika katika ofisi nyingi za jiji hili bado unategemea hesabu nyepesi kiasi hicho. Matokeo yake ni haya: kwenye Windows urefu wa nywila yako hubeba karibu mzigo wote wa ulinzi, kwa kuwa hesabu yenyewe haimcheleweshi anayebahatisha.

Na kompyuta za Apple?

Tangu macOS 10.8 ya mwaka 2012, kila akaunti ina faili lake ndani ya /var/db/dslocal, na heshi hukokotolewa kwa PBKDF2, hesabu yenye chumvi na mizunguko mingi. Kwa upande huu ziko vizuri.

Ni nini hasa hutokea kati ya kubonyeza Enter na kuingia?

Kwenye Linux, programu ya kuingilia huikabidhi nywila kwa PAM, mkusanyiko wa vipande vya programu ambavyo msimamizi huvipanga kuamua nani aingie. PAM husoma mstari wako kwenye /etc/shadow, huchukua utambulisho wa hesabu na chumvi, hukokotoa, kisha hulinganisha. Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa na LSASS, programu inayoendelea kufanya kazi kwa muda wote kompyuta inapokuwa imewashwa.

Baada ya hapo nywila haina kazi tena, na hata jina lako huwekwa kando. Linux hukutambua kwa namba ya mtumiaji, na Windows kwa utambulisho mrefu uitwao SID. Akaunti yoyote ya Linux yenye namba 0 ina mamlaka yote, hata ikiitwa mgeni. Ukikagua seva, soma namba kabla ya majina.

Nina uhakika nywila yangu ni sahihi, lakini kompyuta inaikataa. Kwa nini?

Kompyuta haioni herufi ulizokusudia, bali zile ambazo mpangilio wa kibodi umezitoa, na katika soko la kompyuta zilizotumika chanzo hiki ni cha kawaida kuliko watu wanavyodhani. Kompyuta zinazofika Kariakoo zimetoka nchi mbalimbali. Kwenye mpangilio wa Uingereza alama ya @ iko pale ambapo mpangilio wa Marekani una alama ya kunukuu, na kinyume chake. Kwenye mpangilio wa Ujerumani herufi Y na Z zimebadilishana, na kwenye ule wa Ufaransa A na Q. Maandishi yaliyochapwa juu ya vitufe hayaamui chochote. Kinachoamua ni mpangilio uliochaguliwa ndani ya mfumo, na ule wa skrini ya kuingilia unaweza kutofautiana na ule unaoutumia ukishaingia. Kabla ya kumwita fundi, angalia alama ya lugha pembeni mwa skrini hiyo, kisha andika nywila huku ukiitazama kwa kubonyeza alama ya jicho.

Kwenye kompyuta mpakato za zamani, kitufe cha Num Lock kikiwa kimewashwa hugeuza herufi U, I na O kuwa 4, 5 na 6. Caps Lock inajulikana na wengi. Nafasi iliyoachwa mwishoni mwa nywila nayo huhesabiwa.

Kwa waandishi wa Kiswahili ipo kasoro moja zaidi, nayo ni king'ong'o katika maneno kama ng'ombe. Ukiandika nywila kwenye Word kisha ukainakili, Word huenda imekiweka kile kilichopinda, ambacho kwa kompyuta ni herufi tofauti kabisa na kile kilichonyooka unachokipata kwenye skrini ya kuingilia. Heshi hazitalingana, na kwa macho hutaona tofauti yoyote.

Mifumo mingine ya zamani ina kasoro ya kinyume, ya kukubali kisichopaswa kukubaliwa. Unix ya awali ilizingatia herufi nane za kwanza tu, hivyo aliyeweka Kilimanjaro angeweza kuingia kwa kuandika Kilimanj.

Fundi aliondoa nywila ya kompyuta yangu kwa dakika chache bila kuijua. Aliwezaje?

Aliiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo mwingine endeshi, akalifungua faili la SAM wakati Windows imelala na haiwezi kulilinda, akaifuta heshi. Hakuvunja hesabu yoyote. Nywila ya kuingilia ni sharti linalowekwa na mfumo endeshi, na mfumo endeshi usipowashwa hakuna wa kulisimamia sharti hilo. Kwenye Linux inawezekana pia kubadilisha nywila ya msimamizi mkuu kwa njia inayofanana.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye kompyuta alielewe: ikiwa diski haijasimbwa, nywila yako haiyalindi mafaili yako dhidi ya mtu aliyeishika kompyuta mkononi. Anaweza hata kuitoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta nyingine, na kusoma mikataba, picha na orodha za wateja bila kuulizwa chochote.

Fahamu pia kwamba kuondoa nywila kwa nguvu kuna gharama. Windows hutumia nywila yako kutengeneza ufunguo unaolinda vitu vingine, zikiwemo nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na mafaili yaliyosimbwa kwa EFS, njia ya Windows ya kusimba faili mojamoja. Nywila ikifutwa kwa njia ya flashi, ufunguo huo haupatikani tena na vitu hivyo huenda vikapotea. Mara nyingi tumaini pekee ni kuikumbuka nywila ya zamani na kuirudisha. Muulize fundi kuhusu hili kabla hajaanza, na zaidi kabla hajapiga Windows upya. Kwa upande wake, fundi mwadilifu atataka kujua kama kompyuta ni yako, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai.

Nizuieje hali hiyo?

Simba diski yote. Windows ina BitLocker, macOS ina FileVault, na Linux ina LUKS. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 huwasha usimbaji zenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 hutunzwa kwenye akaunti hiyo. Uchapishe ufunguo huo na uuweke mbali na kompyuta, kwa sababu ukiupoteza na mfumo ukauhitaji, hakuna fundi atakayekusaidia.

Mtandao wa ofisi umekatika lakini bado naingia kwa akaunti ya ofisi. Inawezekanaje?

Umeme unapokatika na seva kuzimika, kompyuta mpakato yako haina wa kumuuliza. Windows hutunza ndani ya kompyuta uthibitisho wa watumiaji kumi wa mwisho walioingia, isipokuwa msimamizi amebadilisha idadi hiyo. Uthibitisho huo hukokotolewa kwa PBKDF2 kwa mizunguko 10,240, hivyo ni mgumu kuvunja kuliko heshi ya NT. Ndiyo sababu pia nywila iliyobadilishwa kwenye seva huenda isitambuliwe na kompyuta iliyo nje ya mtandao: hiyo bado inatunza uthibitisho wa ile ya zamani.

Msimamizi wa kompyuta za ofisi anaweza kuiona nywila yangu?

Kwa kufungua mafaili ya mfumo, hapana. Anaweza kukuwekea nyingine, na utagundua kwa sababu yako itakataliwa. Asiye mwaminifu anaweza kuweka programu inayorekodi unachoandika, au kuzichukua heshi na kuanza kubahatisha, kwa hiyo usitumie nywila ya kazini kwenye mambo yako binafsi.

PIN ya tarakimu chache inawezaje kuwa salama?

PIN ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 tu, na ingekuwa haina thamani kama ingetunzwa kama heshi ya kawaida. Lakini PIN ya Windows Hello, njia ya Windows ya kuingia bila nywila, kwa kawaida hufungamanishwa na chipu ya usalama iitwayo TPM iliyomo ndani ya kompyuta hiyo, na simu za kisasa hufanya jambo linalofanana na hilo. Chipu ndiyo inayohesabu makosa na kukataa kujibu yanapozidi, na mshambuliaji hawezi kuhamisha kazi ya kubahatisha kwenye mashine nyingine yenye kasi. Alama ya kidole haichukui nafasi ya siri hiyo. Simu ikizimwa na kuwashwa, huitaka kwanza namba au nywila, kwa sababu humo ndimo ufunguo wa kusimbua data unamotokana.

Basi nywila nzuri ni ipi?

Tuanze na hesabu. Nywila ya herufi nane ndogo ina michanganyiko takriban bilioni 209. Mtu anayejaribu bilioni 10 kwa sekunde, kasi ambayo kadi ya kisasa ya michoro huipita inapobahatisha heshi za NT, huimaliza yote kwa sekunde 21. Hesabu nzito inayoruhusu majaribio 10,000 kwa sekunde ingemchukua siku 240 hivi. Sasa chukua maneno sita yaliyochaguliwa kwa kurusha dadu kutoka orodha ya maneno 2000: hata kwa kasi ile ya kwanza, kuyamaliza kungechukua zaidi ya miaka 200.

Maneno hayo yachaguliwe na dadu, si na wewe. Methali, misemo ya khanga, mistari ya nyimbo, Simba1936, Yanga1935, jina la mtoto na mwaka aliozaliwa, namba ya simu inayoanza na 255, vyote ni vya kwanza kwenye orodha ya mtu anayeijua jamii yetu. Kugeuza a kuwa @ hakumsumbui, kwa sababu programu yake hufanya mageuzi hayo yenyewe.

Ofisi yetu inatulazimisha kubadilisha nywila kila baada ya miezi mitatu. Inasaidia?

Kwa kiasi kidogo sana, na mara nyingi hudhuru. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliotolewa mwaka 2017 ulishauri watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa ratiba, bali pale tu panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Sababu inaonekana katika ofisi yoyote: anayelazimishwa huongeza namba mwishoni, au huiandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye skrini.

Ninauza kompyuta yangu. Heshi yangu itabaki humo?

Ukifuta akaunti peke yake, itabaki, pamoja na mafaili yako mengi, kwa kuwa kufuta huondoa kumbukumbu ya mahali faili lilipo na kuacha yaliyomo hadi yaandikiwe juu. Ikiwa diski imesimbwa, tumia njia ya kuirejesha kompyuta katika hali ya mwanzo na uchague kufuta kila kitu. Ufunguo ukishaharibiwa, kilichobaki hakisomeki. Ikiwa haikusimbwa, chagua pia kusafisha diski, kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa, na usiikabidhi kompyuta kwa mnunuzi kabla haijaisha.